Posa ya Slovakia

Binti yangu aliponiambia amepata nafasi ya kusomea udaktari Slovakia, nilimjibu kama ambavyo mama yangu angejibu: hatutoi mtoto kwa mtu tusiyemjua. Kwetu posa ikija huulizwa kwanza ni wa wapi, anakula nini, na nyumbani kwao nani mwenye kauli. Mtoto wangu wa pekee, mimi nibaki mtaa huu wa Rissne na kuta? Thubutu!

Jirani yangu Mkongo, ambaye hapa ndiye shangazi wa watoto wetu wote, akacheka. Akajifunga kitenge, akatoka, akabisha hodi upya.

"Miye mushenga ya Slovakia," akasema. "Nakuya kuomba mutoto."

Nikamkaribisha chai. Nje ya dirisha la jikoni theluji ilishuka polepole, katika ule mwanga wa baridi usiojua kama ni asubuhi au jioni. Binti alisoma kwenye simu habari za nchi hiyo na kujibu kwa Kiswidi, lugha ya huku tunakoishi, kama kawaida yake, na mshenga akayapokea maneno na kuyapamba.

"Bwana ana bahari?" nikauliza.

Hana. Majirani watano wamemzunguka, kaskazini kwake ni milima, na mto Danube unapita katika mji wake mkuu. Nikafumba macho. Nikauona mto ule, mpana, wa kijivu, unakwenda nchi za watu bila kuaga. Darajani alisimama mtu mwenye koti jeupe. Nilimtazama mpaka chai ikapoa.

"Anaishije?"

Anaunda magari, anawauzia wenzake. Wasiponunua, hapo anatetemeka.

"Na nani mwenye kauli?"

Rais huchaguliwa na wananchi, ila shughuli za serikali anazo waziri mkuu, na bunge likimchoka humwondoa.

"Makubwa! Wakuu wawili nyumba moja. Aliwahi kuoa?"

"Aliishi na Cheki," akasema mshenga. "Waliachana pole pole, hakuna mwenye alitupa hata sufuria."

Tulicheka mpaka binti akafuta machozi. "Men mamma," alisema, yaani mama jamani, basi. Nilijisikia mwepesi, kana kwamba ile theluji ilikuwa inatushukia humo humo ndani na haina baridi. Kwa muda nikasahau kwamba tulikuwa tunaongelea safari ya kweli.

Mshenga akaweka kikombe chini. "Sasa museme. Munataka mahari gani?"

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, wa gari jipya. Lakini lililotoka ni jingine.

"Arudi," nikasema.

Binti akaacha kucheka. Alikuja akakaa sakafuni, akalaza kichwa mapajani pangu, na safari hii akasema kwa Kiswahili.

"Hilo siwezi kukuahidi, mama."

Roho iliniuma, sifichi. Nikashika nywele zake.

"Najua," nikamwambia. "Nenda."