Hati ya Mama Dirishani

Pale masjala walimwita Mama Kabati. Kila hati ya uwakilishi, mtu anapompa mwingine mamlaka ya kumsimamizia mali yake, ilipita mikononi mwake kabla ya kufungiwa kwenye kabati la chuma. Ufunguo aliuvaa shingoni. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, lakini siku ile karani wa dirishani aliumwa jino, akakaa yeye.

"Anayefuata!"

Akainua macho. Alikuwa mama yake mzazi, kavaa viatu vyake vya kutokea. Nyuma yake alisimama fundi cherehani, yule dada aliyepanga chumba cha uani kwa mama.

"Mama! Kulikoni? Nani anaumwa?"

Yule bibi, mama yake, naye akashtuka. "Kwani leo uko hapa? Si unakaaga huko nyuma?"

Kisha akapitisha karatasi chini ya kioo, macho pembeni. Alikuwa anampa fundi cherehani mamlaka ya kusimamia nyumba, kupokea kodi na kumlipia matibabu. Binti yake wa pekee hakutajwa popote.

Mama Kabati aliisoma. Akasoma tena, labda ameruka mstari. Wapi!

"Mama, kwani mimi nimekufa?"

"Hujafa, mwanangu. Sajili."

Hakuruhusiwa kusajili hati ya mzazi wake, akamwita mkuu wa masjala. Mwenye hati huulizwa peke yake, kwa hiyo fundi alitolewa nje. Mama Kabati naye akatoka, akabaki mlangoni ambako sauti zilimfikia.

"Mama, kuna mtu amekulazimisha?" mkuu aliuliza.

"Anilazimishe nani? Mwanangu ananipenda, ndiyo shida. Nikianguka tu, atauza nyumba anihamishie kwake ghorofani nikae kutazama ukuta. Ameshaniambia. Fundi ataniacha nizeekee kwangu."

Ni kweli alimwambia. Alidhani anampa mama habari njema.

Mhuri uligongwa. Mama Kabati akaifungia hati kabatini yeye mwenyewe, na wiki kadhaa hakumpigia mama simu.

Halafu bibi akaanguka bafuni, ulimi ukawa mzito. Fundi alifika masjala akihema. Nakala yake ilikuwa imelowa mvua, hospitali imeikataa.

"Dada, nisaidie, wanataka sahihi yangu sasa hivi."

Mama Kabati alifungua kabati. Hati ilikuwa mkononi, safi, na hapo hapo wazo likamjia: angesema tu haionekani, mambo yote yangerudi kwake. Miaka yote ile ya kutunza hati za watu, hakujua kwamba angeweza kuwaza hivyo. Akamkimbilia mkuu, nakala mpya ikathibitishwa, wakaenda hospitali pamoja.

Bibi alirudi nyumbani kwake. Fundi hukusanya kodi na kununua dawa. Mama Kabati huja akitoka kazini kumwogesha mama. Hawajaizungumzia ile hati. Lakini fundi akitoa kalamu kusaini chochote mbele yake, bado humuuma, na huenda jikoni kuteka maji.