Upanga Uliogoma Kuzimika

Baba mkwe wangu alikaa nyumbani kwetu Mbeya wiki kadhaa kabla sijaujua uso wake. Nilikijua kikohozi chake, nikaujua mlio wa fimbo yake sakafuni, nikajua anapenda ndizi zilizoiva sana. Uso, hapana. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawakuonana. Hawakukaa chumba kimoja, hawakupishana njiani, na wakikutana kwa bahati mbaya mmoja alijifunika na kukimbia. Mimi ni Mhehe wa Iringa. Na sisi tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa kukimbizana kama kuku na kipanga.

Niseme ukweli, desturi ile iliniudhi. Niliona ni dharau iliyovishwa nguo ya heshima. Ukoo wa mume wangu haukutaka aoe Mhehe. Walisema sisi wakali, tunakula mbwa, na mengine ya utani ambayo hayakuwa utani. Sasa mzee mwenyewe yuko nyumbani kwangu, anakula ugali wangu, na bado sina ruhusa ya kumwambia karibu. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, na kila nilipotaka kuingia ndani ilinibidi nigonge kifuniko cha sufuria kwa mwiko, ili ajue napita, ajitenge. Nilijiona kama mbuzi aliyefungwa kengele.

Alikuja kutibiwa goti. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alimsindikiza ili amhudumie, na mimi niliamini amekuja kunilinda nisikosee. Kosa la kuonana na mkwe kwao halikuishia nyumbani. Lingefika kijijini, wazee wangekaa, radhi ingeombwa, na jina langu lingezungushwa kwenye vilabu vya pombe mpaka mvua nyingine. Wifi alikuwa akiningoja tu. Ndivyo nilivyodhani.

Goti lilikuwa limemshinda mzee, lakini macho yalikuwa fahari yake. Alisoma Biblia bila miwani, ile ya herufi ndogo kama chenga za mchele. Wifi akishindwa kutunga uzi kwenye sindano, mzee alimnyang'anya, akautunga mara moja, na kicheko chake nilikisikia mpaka jikoni: "Nyie vijana macho yenu ni mapambo tu!"

Mtu pekee aliyepita kati yetu bila kengele alikuwa binti yangu. Babu alimwita "mke wangu", naye akamwita mzee "mume wangu mbovu wa goti". Mume wangu alifanya kazi kwenye reli mpya, na safari moja alimletea mtoto kutoka Zambia upanga wa plastiki. Ubapa wake ulikuwa mwekundu, unaopitisha mwanga, na ndani ya mpini kulikuwa na betri mbili na balbu ndogo kama punje ya haragwe. Ukibonyeza kitufe, upanga mzima unawaka. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Madukani wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kubahatisha.

Siku moja babu na mjukuu walipigana, upanga kwa fimbo, na fimbo ikashinda. Kitufe kikazama ndani, mwanga ukakatika. Mtoto alilia, lakini kilichoniuma ni sauti ya mzee nyuma ya ukuta: "Mwambie mama yako, babu ameharibu. Babu ni mzee mpumbavu."

Nikaona nafasi yangu. Baba yangu alikuwa fundi redio Iringa, njia ya kwenda Tosamaganga, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume alinifundisha mimi kushika chuma cha kulehemu kabla sijajua kusuka ukili. Nikasema moyoni: leo watajua huyu mla mbwa ana nini mikononi.

Niliufungua mpini jikoni. Springi ilikuwa imeota kutu ya kijani, nikaikwangua kwa kisu. Waya mmoja ulikuwa umeng'oka, nikapasha msumari mnene kwenye makaa, nikaulehemu kwa risasi niliyobandua kwenye redio mbovu. Kitufe chenyewe kilikuwa kimevunjika meno. Nikasema kitufe baadaye, nitakikatia kibati cha kopo. Kwanza nione kama balbu ni nzima. Nikaunga waya kwa waya, moja kwa moja, bila kitufe. Betri zilikuwa zimechoka, nimezianika juu ya bati tangu asubuhi zipate nguvu, kama tulivyofanya wote.

Jua lilikuwa kali, na mwanga wa betri zilizochoka hauonekani juani. Nilihitaji giza. Giza la mchana nyumbani kwetu lilikuwa stoo tu, kachumba kasicho na dirisha mwisho wa korido, tulimoweka magunia ya mahindi. Nikagonga kifuniko cha sufuria, kama inavyotakiwa. Nikangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Nikaingia ndani, nikaingia stoo, nikafunga mlango nyuma yangu, nikatumbukiza betri na kukaza kifuniko cha mpini.

Upanga ukawaka.

Mbele yangu, hatua moja tu, alisimama mzee amebanwa kati ya magunia, fimbo kifuani, akinitazama. Nilikuja kuelewa baadaye. Alikuwa koridoni anatoka msalani niliposhika ule mwiko. Goti lisingemfikisha chumbani kwa haraka, basi akajificha stoo anipishe. Kengele yangu ndiyo iliyomwingiza mle.

Nilitaka kuuzima. Hauna kitufe! Nikazungusha kifuniko, kumbe nimekikaza kombo, hakitoki. Nikaufunika kwa kanga, ukawaka ndani ya kanga. Nikapiga magoti, nikageuza uso, na bado kila kitu kilikuwa chekundu: magunia, ukuta, miguu yake iliyovaa ndala za mwanangu, hapana, za mume wangu, yaani mwanawe. Hata leo nikikumbuka maneno yananipotea. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, aibu ya kumkuta mtu mzima mwenye mvi amejificha kwenye mahindi kama mwizi, amejificha kwa ajili yangu. Kumbe kengele ile tuliivaa wote wawili, na yeye aliivaa na goti bovu.

Mlango ukafunguliwa. Wifi alikuwa amesimama pale na mtoto. Akanitazama, akamtazama baba yake, akaweka mkono mdomoni.

"Baba! Umemwona?"

Macho ya mzee, yale ya kutunga uzi, yalikuwa yamenyooka kwenye gunia juu ya kichwa changu.

"Nani?" akasema. "Humu kuna mtu?"

"Baba, si huyu hapa!"

"Mwanangu, mimi sioni. Macho yameniacha tangu juzi, niliogopa tu kuwaambia. Nimeingia humu nikidhani ni chumbani kwangu." Akanyoosha mkono hewani, akapapasa. "Nishike, unitoe."

"Babu, huoni upanga unawaka?" mtoto akauliza.

"Unawaka? Ndaga, asante. Mshukuru aliyeutengeneza, mke wangu."

Wifi akamtoa kwa mkono. Akaniambia baadaye, kwa sauti ya chini na bila ukali wowote, "Mungu amekusaidia, wifi. Kama angekuona!" Nikaitikia. Ningeitikia nini kingine?

Tangu siku hiyo mzee hakushika tena Biblia. Wifi alimsomea, kwa kujikwaa, akiruka mistari, naye alimwacha aruke. Hakutunga tena uzi. Mume wangu aliporudi safari alitaka ampeleke kwa daktari wa macho, mzee akasema uzee hauna dawa. Alishikwa mkono kwenda msalani. Mimi niligonga sufuria yangu, na sikuona tena uchungu wa kuigonga. Niliona aibu tu. Nilitamani nimwambie baba, acha, ona tu, niadhibiwe, lakini kumwambia ndiko kungekuwa kumwona mara ya pili.

Siku ya kuondoka kwao mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilisimama nyuma ya pazia. Wifi alikuwa mbele na mizigo, mzee nyuma na viatu vyake vyeusi vya kanisani, ameshikwa mkono na binti yangu, ambaye mkono wake mwingine ulikuwa na upanga, anaubonyeza kitufe kipya cha kibati, uwake, uzime, uwake. Mtoto hakuangalia njia. Palikuwa na dimbwi getini, yeye akaliruka.

Mzee alisita. Nikaona kichwa chake kimeinama kidogo, akalitazama lile dimbwi. Kisha akakanyaga katikati, mpaka maji yakapita juu ya viatu.

"Jamani baba!" wifi akageuka. "Pole, macho haya!"

"Nimeshapoa, mwanangu," akasema. "Sikuliona."