Aliyebaki Ghalani

Juzi, kwenye harusi moja Buzuruga, mpiga picha alipoinua kamera, mdogo wangu Kabula alijificha nyuma yangu. Papo hapo nikasikia harufu ya dagaa walioanikwa uani kwa bibi, kule Magu, alikotulea sisi wawili na kaka yetu baada ya wazazi kufariki.

Mchana mmoja, tukiwa bado wadogo, mchungaji alikuja na mgeni mwenye kamera. Kwetu kamera ilikuja msibani tu. Tulikuwa tumepangwa kando ya jeneza la mama, kisha la baba. Nikaangaza macho uani kutafuta jeneza, sikuliona. Nikajua safari hii ni zamu yetu.

"Sogeeni, wanangu," alisema mchungaji.

Bibi alimnyakua Kabula, akamfungia kwenye ghala la mpunga.

"Hao wapigeni," alisema huku akiuegemea mlango wa ghala. "Huyu niachie, Mchungaji."

Mimi na kaka tulisimama juani, tumeshikana mikono. Ghalani Kabula alikuwa akigonga mlango na kulia. Kamera ikalia, nikafumba macho, nikisubiri kufa.

Kumbe picha ile ilikuwa ya wafadhili wa kanisa. Tuliopigwa tulisomeshwa mpaka mwisho. Kabula, ambaye bibi alimwokoa, hata kadi ya harusi ile nilimsomea mimi.