Ua Lisilonukia

Hamisa wa Maili Moja anatengeneza maua ya utepe. Hukunja utepe petali kwa petali, huzipitisha ncha kwenye mwali wa mshumaa zisifumuke, kisha katikati hushona kifungo. Mwaka huu asmini za kijijini Mzenga zilikauka, na Raudha, mtoto wa dada yake, akamwomba maua ya kuvaa kichwani siku ya harusi yake.

Hamisa aliyapeleka mwenyewe nyumbani kwa bibi harusi. Bi Mwanajuma, somo aliyemfunda Raudha na mama asiyeficha neno, akachukua moja akalipeleka puani.

"Hamisa mwanangu, ua gani hili? Linanuka duka!"

Wanawake wakacheka. Raudha akainamisha kichwa, maana somo akikataa, hayavaliwi.

Hamisa akaomba chetezo chenye makaa na udi, akautia udi motoni kwa bismillahi, akakifunika chetezo kwa tenga kama wanavyofukiza nguo, akayapanga maua juu yake. Moshi ukapanda taratibu, ukayapita yote. Bi Mwanajuma akanusa tena.

"Haya, mvike mtoto."

Raudha akainua uso. Lakini ua moja lilikuwa limekaa karibu mno na moto, petali zake zikajikunja. Hamisa akaliweka kando.

"Hili limeharibika, mama. Nitalitupa."

"Utupe nini? Lete hapa." Bi Mwanajuma akalichomeka kwenye mtandio wake. "Lina makunyanzi kama mimi. Tutafanana."