Karani Asiyehesabu Mikono

Umande haujakauka kwenye majani ya chai, na kinu cha Rasoa Kageha tayari kinanguruma. Anaupapasa unga kwa kidole gumba, anakaza skrubu, kisha anaupapasa tena. Foleni ya wanawake imefika hadi kwenye daraja la magogo. Upande huu wa kijito wanakaa Wamaragoli. Upande ule, Wanandi.

"Tapsabei, mahindi haya umeyaanika au umeyaogesha?" anamtania mteja wa kutoka ng'ambo.

"Saga tu, Mama. Yakikwama tutakula kinu!"

Mwaka jana kicheko hicho kisingesikika. Vijana wa pande zote mbili walipigana kwa sababu ya ng'ombe walioibwa. Duka la Zakaria Amugune, shemeji yake Rasoa, likateketezwa, na wanawake wa ng'ambo wakafungiwa soko la kijiji cha Givogonyi. Mapato ya kinu yalishuka kutoka shilingi mia nane kwa siku hadi mia mbili, ambazo hazikutosha hata dizeli.

Rasoa, mjane mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ndiye pia karani wa mkutano wa Marafiki, yaani Waquaker, wa kijiji hicho. Katika mkutano wao hakuna kupiga kura. Watu huketi kimya, anayesukumwa moyoni husimama akasema, na karani husoma uamuzi pale tu ambapo hapana hata mmoja anayeukataa.

Suala la kulifungua soko lilipoletwa, wote walikubali isipokuwa Zakaria.

"Siwazuii," alisema. "Ila msiniambie nifurahi."

Rasoa hakusoma uamuzi wowote. Aliwaomba waketi kimya, ingawa wengine walinung'unika: "Mama, mtu mmoja atuue wote kwa njaa?"

"Wengi wakimshinda mmoja," anasema Rasoa, "huyo mmoja hubaki na kiberiti mkononi."

Hapo ndipo kosa lilipotendeka. Naibu wa chifu, aliyekuwa mgeni katika eneo hilo, alikuwa amealikwa kikaoni. Alipouliza kama yupo anayepinga, hakuna aliyemjibu, kwa maana watu walikuwa wakiomba. Akatoka nje, akatangaza kuwa soko limefunguliwa.

Siku ya soko ilipowadia, wanawake wa ng'ambo walikuja na vibuyu vyao vya maziwa. Darajani wakamkuta Zakaria pamoja na vijana wenye marungu.

Rasoa alizima kinu, akaenda mbio, unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, umekuwa mzimu!" Zakaria alimkejeli. "Umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kukuambia kwamba hatujamaliza. Aliyetangaza si karani."

"Basi warudi kwao!"

"Ukisema warudi, watarudi. Lakini kwanza niambie, ni nini kinachokukwaza?"

Zakaria alisema, "Kila mtu ananiambia nisamehe. Nani amekuja kulitazama jivu langu?"

Rasoa anakiri kwamba swali hilo lilimchoma. "Hata sisi jirani zake hatukuwa tumekwenda. Tulikuwa na haraka ya amani."

Tapsabei alitua kibuyu chake. "Nionyeshe, baba," alisema.

Vijana waliwapisha. Tapsabei alisimama katikati ya kuta zilizoungua, akatamka jambo ambalo hakuna aliyemlazimisha kulitamka: "Mwanangu alikuwa miongoni mwa waliolichoma."

Soko halikufunguliwa siku ile. Wanawake walirudi na maziwa yao, na kinu kikalala bila kazi. Wiki iliyofuata walivuka tena, safari hii wakiwa na majembe, wakakanyaga udongo na kukandika kuta za duka. Mwana wa Tapsabei alibeba miti ya kujengea.

"Ukuta huu umepinda kama shingo ya beberu," Zakaria alilalamika.

"Basi shika udongo wewe, fundi wa maneno!" Tapsabei alimjibu, na Zakaria akashika.

Katika kikao kilichofuata walikaa kimya hadi jogoo wa jirani akaingia na kutoka. Ndipo Zakaria aliposimama. "Soma, shemeji," alisema. Rasoa akasoma, na soko likafunguliwa.

Sasa mapato ya kinu yamerejea. Uchaguzi utafanyika mwakani, na Rasoa hutenga shilingi hamsini kila siku ili ajenge banda kando ya daraja, mahali ambapo pande zote mbili zitaketi kila juma kabla na baada ya kura. Zakaria ameahidi misumari. Tapsabei, mabati yaliyotumika.

"Uvumi utakuja, nao utukute tumeketi pamoja," anasema Rasoa, huku akifunga gunia la Tapsabei kwa kamba.

Naibu wa chifu naye atakuwepo. Siku hizi, kabla ya kutangaza lolote, humwinamia karani na kumnong'oneza: "Mama, wamekubali, au wanaomba?"