Karabai ya baba mdogo

Juzi, kule Kasenga, mjukuu wangu alitandaza kitandani vipande vya kompyuta ya michezo. Kila kimoja alikichagua kwa sifa zake, na sasa ile karte ya picha, kipande cha kuleta picha kwenye skrini, inakataa kuingia katika sanduku. Mimi shule niliiacha mapema, sikuwa na la kumsaidia. "Babu, iko ndefu," alisema, karibu alie. Harufu ya vyuma vipya ikanirudisha mbali.

Baba mdogo alikuwa mpiga kasia tu katika mtumbwi wa baba yangu, kaka yake. Kwetu ziwani, asiye na taa ya kuvutia ndagala, wale dagaa wetu, hana sauti. Basi akajitengenezea karabai yake: pampu ya taa hii, kioo cha taa ile, vyote vizuri kabisa. Mchana kutwa alifunga, akafungua, mimi, mtoto bado, nikimshikia kopo la mafuta yaliyonuka mikononi mwangu. Pampu ilivuja sii, kioo kikachezacheza.

"Weye rudilia kasia yako," baba akamwambia. "Taa haiko sombe ya muhogo, utwange vyote pamoja."

Wavuvi wakacheka. Baba mdogo aliweka vipande juu ya mchanga, akapangusa mikono polepole, akashika njia ya mlimani, ya Rurambo. Leo najua muntu anayepangusa mikono hivyo amemaliza. Siku ile nilidhani anafuata kipande kinachofaa, nikavifunika vile vingine kwa shati langu, nikakaa kumkasirikia jinsi anavyochelewa. Hakurudi tena.