Korija Tatu za Boriti Mbichi

Baba alipopunguzwa kazi kiwandani, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, alinunua pikapu kuukuu iliyotoka Dubai. Nyumba nzima ilikula kwa pikapu hiyo. Kwenye mwimo wa mlango wa gari kulikuwa na kibati cha namba, na likizo moja nilikisoma kwa msaada wa kamusi ya shule. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa uzito wa jumla: gari lenyewe, mafuta, dereva na mzigo. Baba akaichukua kuwa ni ya mzigo peke yake. Nilimweleza mara tatu. Alitabasamu kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Bandarini Nyamisati, boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Hakuna anayezipima. Boriti iliyokatwa jana, ingali inachuruzika maji ya chumvi, ni moja. Iliyokauka miezi mitatu ni moja vilevile. Siku moja ya likizo hiyo tajiri wa boriti alipakia korija mbili kwenye pikapu, ya tatu akaiweka kwenye tela lililofungwa nyuma yake.

“Baba, hizi mbichi,” nilisema. “Na tela halina breki.”

Tajiri akacheka. “Shekhe, binti yako kasoma mpaka anapima miti kwa macho. Juzi gari kama hili limebeba korija tatu.”

“Zilikuwa kavu.”

“Korija ni korija, mama.”

Baba akaniambia nipande, nisimwaibishe mbele za watu.

Kwenye mteremko wa kwanza nilihisi pua ya gari ikiinuka. Baba alizungusha usukani, magurudumu ya mbele hayakumtii. Tela lilitusukuma kwa nyuma mpaka tukaingia kwenye mikorosho. Tulitoka wazima. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, ilikuwa imekatika.

Tajiri alifika alasiri na pikapu nyingine na dereva wake. Hakumpa baba hata pole. Alihesabu boriti zake, zikatimia, akaamuru zipakiwe zote, na tela lifungwe. Nikamwonyesha dereva yule kibati kwenye mlango wake, nikamweleza namba moja moja. Akamgeukia baba, aliyekuwa ameketi chini ya mkorosho.

“Eti mzee, ni kweli anayosema?”

Nilimtazama baba. Neno moja tu lingetosha.

“Mie sikukaza kamba vizuri,” alisema. “Wewe kaza, utafika.”

Kisha akainuka, akashika ncha ya kamba, akamsaidia kufunga.